Mwalimu Aliyewatafuta Majirani Kitabuni

Siku makamu wa mwalimu mkuu alipolia mbele ya wanafunzi kwa sababu ya kitabu, Mwalimu Onodera Fumie alikuwa amekaa safu ya nyuma anakata kucha. Mimi nilikuwa kiti cha pili kutoka kwake. Nilisikia kucha ikikatika, halafu kwikwi ya makamu kwenye kipaza sauti, halafu kucha nyingine.

Kitabu chenyewe kilikuwa riwaya ya watoto iitwayo *Mwavuli wa Watu Wanne*. Kiangazi kile shule zote za wilaya ziliagizwa kukisoma wakati wa likizo, na kila mtoto aandike insha ya maoni yake. Kilisimulia habari za Mio, msichana wa miaka kumi na mmoja. Baba yake anafukuzwa kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, anaweka kiti jikoni, anakaa ametazama ukuta miezi minane. Mama anaugua. Mio anapika uji, anamlisha mdogo wake, na mvua ikinyesha wote wanne wanajibana chini ya mwavuli mmoja. Ukurasa wa mwisho mvua inanyesha. Basi, kimekwisha.

Wilaya nzima ililia. Makamu alisema amelia mara nne, na akaonyesha kurasa zilizokunjamana kwa machozi ili tusidhani anatia chumvi.

"Mwalimu Onodera," alimwita baadaye kwenye chumba cha walimu, macho bado mekundu, "wewe kama mwalimu wa lugha, ulilia sehemu gani?"

"Sikulia."

"Hata pale kwenye uji?"

"Pale kwenye uji ndipo nilipokirusha kitabu. Kiligonga mlango wa kabati, kikaangukia ndoo. Chako kimelowa kwa machozi, changu kimelowa vilevile, ila kwa maji ya kufulia."

Nieleze kidogo Mwalimu Onodera alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na miaka hamsini na minane, amebakiza mwaka mmoja na kitu astaafu, hajaolewa, na alikuwa amefundisha shule yetu ya Tochizawa tangu enzi ilipokuwa na watoto mia mbili. Wakati ninaousimulia walikuwa tisa. Yeye aliendelea kupaza sauti kama wapo mia mbili, hata dereva wa gari la barua alijua somo lilipofikia. Alikuwa mfupi, mpana, anatembea kama mtu anayewahi kuzima moto. Na alizaliwa maskini, maskini hasa, jambo ambalo alilieleza bila haya wala fahari, kama mtu anavyotaja kundi lake la damu.

"Tatizo lako nini na kitabu hiki?" nilimuuliza. Mimi ni Sugawara, nafundisha hesabu, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nimetokwa na machozi kidogo.

Alinigeukia. "Sugawara, kurasa mia mbili na kumi na moja. Baba kakaa kitini miezi minane. Mama kitandani. Watoto wanakula uji. Umeona mtu yeyote anayebisha hodi?"

Nilifikiri. "Hapana."

"Hata figili moja hawajapelekewa! Moja! Hapa Tochizawa nikichelewa kufungua dirisha asubuhi, nakuta figili tatu mlangoni na mtu anachungulia kama nimekufa. Huyu mwandishi amewapeleka wapi majirani? Amewaua?"

Halafu akanisimulia habari za baba yake. Alikuwa mkata magogo. Mwaka ambao Fumie alikuwa na miaka tisa, mwerezi ulimwangukia, ukamvunja mgongo, akaletwa nyumbani juu ya mlango uliong'olewa. Kabla hawajamlaza vizuri, nyumba ilishajaa watu. Huyu kaleta mchele, yule kabeji, mwingine kaleta paka eti wa kumfariji mgonjwa. Kila aliyeleta chakula alirudi jioni kukagua kama kimeliwa, kwa hiyo mama yao aliwapangia watoto zamu: wewe utaonekana unakula magimbi ya Mama Iwabuchi, wewe kabeji ya Mama Chida. Siku ya sita wanawake wawili waligombania sufuria, mmoja akidai supu ya magimbi hutiwa nyama ya ng'ombe, mwenzake akidai ni ya nguruwe. Wakavutana nywele jikoni. Baba, ambaye daktari alisema hatainuka mwaka mzima, aliinuka akaja kuwaamua.

"Baba yangu alipona kwa hasira," alisema Mwalimu Onodera. "Huo ndio umaskini ninaoujua mimi. Unakosa vyote, na hupati hata dakika moja ya kuwa peke yako ulie. Sasa huyu Mio analia peke yake kurasa arobaini! Nani alimpa nafasi?"

Aliandika maoni hayo kwa ajili ya jarida la shule, ambalo huenda nyumba zote za Tochizawa, mia mbili na kidogo. Kichwa cha habari: "Majirani Wamekwenda Wapi?" Yalikuwa makala makali na mazuri. Alieleza hali ya familia ya Mio hatua kwa hatua, akauliza inawezekanaje watu wateseke hivyo na asitokee hata mmoja wa kuwapelekea figili. Mstari wa mwisho ulisema: "Lakini hii ni hadithi tu, na lawama zangu namtupia mwandishi."

Mpangaji wa kurasa za jarida nilikuwa mimi. Mwezi ule wa Oktoba dubu walikuwa wanateremka kula matunda, na ofisi ya mji ilileta tangazo la tahadhari saa ya mwisho. Nafasi haikutosha. Nikatazama makala ya Mwalimu Onodera, nikaona mstari wa mwisho hauna kazi kubwa, nikaukata. Chini yake ikabaki anwani ya wachapishaji walioko Tokyo, kwa wanaotaka kununua kitabu.

Wiki moja baadaye Bibi Hatakeyama Yae, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, aliingia chumba cha walimu bila kubisha. Alikuwa na miaka sabini na tisa na viatu vya mpira vyenye tope.

"Tumemaliza," alisema. "Zimeondoka leo kwa lori."

"Nini zimeondoka, bibi?" aliuliza Mwalimu Onodera.

"Figili! Makreti arobaini na matatu. Na magimbi, na mablanketi, na miavuli kumi na miwili. Eti watu wanne mwavuli mmoja, jamani! Tumetia na barua, tumemwambia yule baba ainuke kitini, aje huku, kuna kazi ya kupasua kuni. Mwalimu, umetuandikia maneno ya kutuchoma. Mimi usingizi sikupata."

Mwalimu Onodera aliniangalia. Nilitazama dirishani.

"Bibi Yae," alisema polepole, kwa sauti ya chini ambayo sijapata kumsikia nayo tena, "Mio hayupo."

"Amekufa?"

"Hapana. Hayupo kabisa. Ni wa kitabuni. Ametungwa."

Bibi Yae alikaa juu ya meza ya makamu. "Ametungwa na nani?"

"Na mwandishi."

"Huyo mwandishi yupo?"

"Yupo."

"Basi yeye ndiye mzazi wake. Aje ajieleze! Haiwezekani mtu atunge mtoto, amtungie na baba mvivu na mama mgonjwa, halafu amwache mvuani. Kwani kalamu si ilikuwa mkononi mwake? Kumpa yule baba kazi kungemgharimu nini? Neno moja!"

Barua zilizokwenda Tokyo baada ya hapo zilikuwa nyingi kuliko figili. Na wale wachapishaji, ambao makreti yalikuwa yamewazibia mlango kiasi cha watu kuingilia upande wa jikoni, walipiga simu shuleni kuomba radhi, ingawa hakuna aliyejua wanaomba radhi ya nini. Mwandishi angekuja mwenyewe, walisema. Tarehe kumi na tano Novemba.

Wakui Takuma alishuka kwenye treni akiwa amevaa suti nyembamba na theluji ya kwanza imeshaanza. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mrefu, na ameinama kidogo kama mtu aliyezoea dari fupi. Kutoka kituoni hadi shuleni ni mwendo wa dakika kumi. Alitumia saa nzima, kwa sababu kila nyumba ilimsimamisha. Alipoingia kwenye ukumbi wa michezo alikuwa amevaa koti la marehemu mume wa Mama Chida, kofia ya sufu ya mtu mwingine, na mikononi ana mtungi wa kachumbari aliokabidhiwa na mtu ambaye hakujitaja.

Ukumbini walikaa wanafunzi wetu tisa mbele, na nyuma yao wazee zaidi ya mia. Makamu alimkaribisha, akaanza kulia, tukamkalisha. Maswali yakaanza.

"Mama wa Mio anaumwa nini?" aliuliza muuguzi mstaafu. "Umeandika 'anaumwa' kurasa tisini. Anakohoa, hana homa, hana hamu ya kula. Mimi nasema ni pafu. Mlimpeleka hospitali?"

"Sikulifikiria pafu," alisema Wakui.

"Ndiyo matokeo yake."

Mzee mmoja aliuliza kile kiti cha baba ni cha mti gani kiasi cha kuvumilia miezi minane. Mwingine alitaka kujua kama baba yule anaweza kutumia shoka. Halafu Kurumi, mwanafunzi wetu wa darasa la tatu, mtoto asiyesema sana, alinyoosha mkono. "Mvua ilipoisha, walikula nini?"

Wakui alitazama mtungi wa kachumbari. "Sijui," alisema. "Samahani. Sikufika huko."

Hapo ndipo Mwalimu Onodera aliposimama. Alikuwa amejiandaa tangu Agosti. Alikuwa na karatasi, lakini hakuisoma.

"Bwana Wakui, mimi ndiye niliyeanzisha balaa hili, na huyu Sugawara aliyekata mstari. Nina swali moja tu. Majirani wako wapi?"

"Hawakuwepo, mwalimu."

"Najua hawakuwepo kitabuni. Nauliza kwa nini."

"Hawakuwepo kwetu," alisema Wakui. "Tulikaa ghorofa ya nne, jengo la saruji, milango ya chuma, nyumba arobaini zinatumia ngazi moja. Baba yangu alikaa kwenye kile kiti kweli. Upande wa pili wa ukuta aliokuwa anautazama palikuwa na mtu anakohoa. Nilijua anakohoa saa ngapi, nilijua akigeuka kitandani. Jina lake sikulijua."

Ukumbi ulinyamaza. Nadhani ndiyo mara ya kwanza watu mia moja wa Tochizawa kunyamaza kwa pamoja.

Bibi Yae aliuliza, "Sasa huyo aliyekuwa anakohoa, alipona?"

"Siku moja aliacha kukohoa."

"Kwa hiyo alipona."

"Sijui, bibi. Hatukwenda kutazama. Kwetu tulikuwa watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kubisha hodi. Nilijaribu kuliandika hilo. Sikuweza. Nikaandika mvua."

Mwalimu Onodera alikunja karatasi yake. Halafu alikaa. Wakui aliondoka kesho yake kwa treni ya saa nne, amesindikizwa na umati kama bwana harusi, na mizigo mingi kiasi kwamba mkuu wa kituo ilibidi aicheleweshe treni dakika mbili, jambo ambalo aliliandikia ripoti ya kurasa tatu. Bibi Yae alimshika mkono dirishani mpaka treni ilipoanza kutembea. "Ukitunga mwingine," alimpigia kelele, "mtungie na shangazi!"

Mwalimu Onodera alikisoma kitabu upya. Ilibidi aazime cha makamu, maana chake kilikuwa kimevimba mara mbili ya unene wake. Siku tatu hakupaza sauti darasani, na dereva wa gari la barua alisimama kuuliza kama kuna msiba. Siku ya nne nilimkuta chumba cha walimu saa ya chakula cha mchana, hajagusa wali wake, machozi yanamdondoka kwenye meza bila sauti.

"Uji?" niliuliza.

"Uji gani? Ukuta," alisema. "Ukurasa wa themanini na saba. Baba anatega sikio ukutani. Mio anadhani amekuwa kichaa. Mimi nilidhani mwandishi anajaza kurasa. Kumbe anamsikiliza mtu, Sugawara. Anataka kwenda na hajui watu huendaje."

Aliandika makala ya pili. Yalikuwa na mistari miwili: "Niliandika kwamba kitabu hiki kimewasahau majirani. Nilikosea, hakuna ukurasa wasiokuwepo." Safari hii nilihakikisha nimeyachapisha yote, kwa herufi kubwa, na nikakata tangazo la dubu. Wiki ile ile Bwana Iwabuchi alikutana na dubu chini ya mti wake wa matunda, wakatazamana, kila mmoja akakimbilia upande wake. Hadi leo Bwana Iwabuchi anasema fasihi ni kitu cha hatari.

Wengine wangeishia hapo. Mwalimu Onodera alimwandikia Wakui kumwomba jina la lile jengo, na vuli iliyofuata alichukua likizo ya siku mbili, ya kwanza katika miaka thelathini na minne, akaingia msituni, akachuma uyoga vikapu viwili, akapanda treni. Ni safari ya saa nne na nusu.

"Mwalimu, unakwenda kumfanya nini mtu usiyemjua?" Bibi Yae alimuuliza kituoni. "Fimbo ya mbali haiui nyoka."

"Siendi kuua nyoka. Nakwenda kubisha hodi."

Saa tisa alasiri simu ililia shuleni. Ilikuwa polisi, kituo kidogo cha mtaani. Waliuliza kama tunamfahamu mwanamke mfupi, mpana, mwenye sauti kubwa, anayepita mlango kwa mlango kwenye majengo ya zamani akiwagawia watu uyoga asiotaka kueleza umetoka wapi.

"Nimeueleza vizuri," alisikika Mwalimu Onodera nyuma ya simu. "Nimesema msituni!"

Nilikwenda kumchukua. Kulikuwa na giza nilipofika. Kituo kilikuwa na ukubwa wa banda la kuku, na ndani walikuwemo polisi kijana, Mwalimu Onodera, na mwanamke mmoja aliyevaa ndara za nyumbani, uso umekaza. Ndiye aliyeshtaki. Jina lake Mama Tokunaga, ghorofa ya nne.

"Wewe ni ndugu yake?" polisi aliniuliza.

"Mwalimu mwenzake."

"Anasema alikuja kuwa jirani. Nimemwuliza mara tano, nikidhani sijasikia. Kwenye fomu hii hakuna sehemu ya kujaza hilo."

"Nilipiga kengele nyumba ishirini na tatu," Mwalimu Onodera alinieleza. "Ishirini na mbili wakaniambia kupitia mlangoni hawanunui. Huyu peke yake ndiye aliyefungua."

"Nilifungua nikupige picha!" alisema Mama Tokunaga. "Mtu hunijui, unaniletea uyoga. Televisheni kila siku inatangaza watu wamekula uyoga wakafa!"

"Ndiyo maana nilikuambia nikupikie, nile mimi kwanza."

"Kwa hiyo uingie na ndani!"

Polisi alikuwa na jiko dogo la chai. Sijui nani alitoa wazo; yeye alisema ilikuwa kwa ajili ya uchunguzi. Mwalimu Onodera alipika uyoga mbele yetu, akala bakuli zima, tukakaa dakika arobaini tukimwangalia kama atakufa. Hakufa. Katika dakika zile, kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, Mama Tokunaga alisema mumewe alifariki Februari, na kwamba sisi ndio watu wa kwanza kukaa naye chumba kimoja tangu mazishi, ukiondoa daktari wa meno. Alilisema kwa hasira, kama shtaka jingine. Polisi aliweka kalamu chini.

"Na una miaka mingapi pale?" aliuliza Mwalimu Onodera.

"Kumi na tisa."

"Mtu wa upande wa pili wa ukuta anaitwaje?"

Mama Tokunaga alivuta bakuli la uyoga uliobaki, akauonja kwa ncha ya kijiti, akasema umekosa chumvi.

Machi ya mwaka uliofuata Mwalimu Onodera alistaafu. Tulimpa maua, makamu akalia, watoto saba (wawili walikuwa wameshahamia mjini) wakaimba. Tulidhani atalima. Aprili alifunga nyumba, akapakia vitu vyake kwenye lori la Bwana Iwabuchi na akahamia lile jengo la saruji, ghorofa ya nne, mlango wa pili kutoka kwa Mama Tokunaga. Kodi ni rahisi, alisema, watu wanakimbia.

Hunipigia simu Jumapili. Kamati ya wapangaji imeshamwandikia barua mbili: ya kwanza inamkataza kubisha hodi kabla ya saa tatu asubuhi, ya pili inamwomba awe katibu. Kwenye ngazi yao nyumba kumi na saba sasa zina watu, na ana majina kumi na matano. Wawili waliobaki wanajifanya hawapo, lakini anasema hilo halimsumbui, kwa kuwa akisimama mlangoni anawasikia wakipunguza sauti ya televisheni.